Nguzo za Mawe Kandokando ya Mifereji ya Venice

Mji wa Venice nchini Italia umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100 vilivyozungukwa na maji ya chumvi yenye kina kifupi, kaskazini mwa bahari ya Adria, na kandokando ya mifereji yake, pamoja na kwenye ngazi za madaraja, husimama nguzo fupi za jiwe jeupe zilizounganishwa kwa fito za chuma ili kumkinga mpitaji asitumbukie. Zamani madaraja mengi hayakuwa na kinga ya namna hiyo, kama linavyoshuhudia daraja dogo la Chiodo, ambalo halina ukingo hadi leo.

Jiwe lenyewe ni la chokaa, na huchimbwa katika rasi ya Istria, ng'ambo ya Adria, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo nchini Kroatia. Kikemia ni kalsiamu kaboneti, sawa na mawe ya matumbawe yaliyojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Lakini wakati matumbawe yamejaa matundu, jiwe la Istria lilitokana na tope laini la chokaa lililoshindiliwa chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka, hata likabakiwa na vinyweleo, yaani vijitundu vya ndani, vichache mno. Kwa hiyo maji hayapenyi kwa urahisi, wala chumvi haipati nafasi ya kuganda kuwa fuwele na kulipasua jiwe kutoka ndani, maangamizi ambayo matofali ya mji huo huyapata kila mwaka. Waashi wa kale walilielewa jambo hili vyema, ndiyo maana waliliweka jiwe hilo chini ya kuta za matofali ili kuzuia unyevu usipande.

Mara nyingi, basi, nguzo haiharibiwi na bahari moja kwa moja, bali na kile ambacho binadamu ameipachika. Fito ya chuma inapoingia katika tundu la nguzo, maji ya chumvi huifuata na kuitia kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichoizaa, msukumo wake hulipasua jiwe ambalo mawimbi yalishindwa kulidhuru. Mafundi wa zamani walimimina risasi iliyoyeyushwa kuzunguka chuma, kwani madini hayo laini huziba mwanya na kupunguza mgusano na maji. Ni ufundi wa kustahiwa, na pale ambapo kizibo hicho kimechakaa bila kurudishiwa, nyufa hufuata.

Adui wa pili alikuja na viwanda, hasa baada ya bandari ya Marghera kuanzishwa mwaka 1917 ng'ambo ya maji. Gesi ya salfa dioksaidi itokanayo na makaa na mafuta hugeuka asidi kwenye unyevu, na asidi hiyo hulibadili jiwe la chokaa kuwa jasi, ambayo hunasa masizi na kufanya ganda jeusi. Jasi huyeyuka majini kwa urahisi kuliko chokaa, hivyo upande wa nguzo unaonyeshewa mvua hubaki mweupe huku ukiliwa polepole, na upande uliokingwa hubeba ganda ambalo hatimaye hubanduka pamoja na ngozi ya jiwe.

Maji nayo yamepanda, kwani ardhi ya mji imedidimia huku bahari ikiinuka: mafuriko ya Novemba 4, 1966 yalifikia sentimita 194 juu ya sifuri ya kipimo cha maji cha mji, na yale ya Novemba 2019 sentimita 187. Malango ya kuzuia mafuriko yaitwayo MOSE, yaliyoinuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia bamvua mnamo Oktoba 2020, huzuia maji ya juu tu, hivyo nguzo bado zahitaji mkono wa fundi, ambaye kazi yake bora si kuing'oa nguzo nzima, bali kukata sehemu iliyooza, kuunga kipande kipya cha jiwe lilelile la Istria, na kutumia chuma cha pua mahali pa chuma cha kawaida.