Dawa ya Kumbukumbu na Nzi wa Matunda

Siku hizi tunaletewa kliniki vichupa vya vidonge "vya kuongeza akili". Kijana amemnunulia mama yake mzee kwa fedha nyingi, na karatasi ya ndani inasema "imethibitishwa na wanasayansi". Tukiuliza imethibitishwa kwa nani, hatujibiwi. Mara nyingine jibu ni nzi.

Si mzaha. Wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva sana hutumiwa maabarani kupima kumbukumbu, kwa sababu huzeeka upesi: nzi wa siku 30 amekwisha kuwa mzee. Kwanza nzi hunusishwa harufu moja huku wakishtuliwa kidogo kwa umeme, kisha harufu nyingine bila umeme. Baadaye huwekwa penye njia panda, kila upande harufu yake, na watafiti huhesabu wangapi wanaikimbia ile iliyowaumiza. Nzi vijana hukumbuka vizuri. Wazee wengi hupotea njia.

Mwaka 2013 watafiti wa Berlin, Ujerumani, na Graz, Austria, walieleza kwamba waliwalisha nzi spamidini, kitu kilichomo miminimwetu na pia katika ngano, soya na uyoga. Nzi akizeeka, kitu hicho hupungua. Waliolishwa walikumbuka uzeeni kama vijana. Inaonekana spamidini husaidia seli kuondoa takataka zake, kama mama anayefagia nyumba kila asubuhi. Tulifurahi kuisoma habari hiyo.

Lakini nzi si bibi. Katika hospitali ya Charité, Berlin, walipimwa watu 100 wa miaka 60 hadi 90 waliohisi wanaanza kusahau. Kundi moja lilipewa vidonge vya spamidini itokanayo na ngano, jingine vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa, kwa miezi 12, bila wenyewe kujua nani anapata nini. Matokeo yalitolewa mwaka 2022: kumbukumbu za makundi hayo hazikutofautiana. Ni kweli dozi ilikuwa ndogo, chini ya miligramu 1 kwa siku.

Tunachoogopa zaidi si fedha. Ni mzee anayeacha vidonge vya presha kwa kuwa amepata "vya akili". Presha isiyotibiwa huharibu mishipa ya ubongo. Tena kusahau kwingine kunatibika: upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni ya muda mrefu, hata dawa za usingizi zilizozidi. Mleteni mzee apimwe, na vichupa vyote vilivyomo nyumbani mvitie katika mfuko mmoja, mje navyo.