Utalii Ulivyoanza Unguja, na Funzo Lake kwa Usinge (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliifuata misafara ya pembe na watumwa kutoka Unyanyembe hadi Ujiji. Leo tushuke pwani tuone mji wa Zanzibar ulivyojinadi kwa wageni, kwani habari hiyo inawahusu hata wakazi wa Usinge, wilayani Kaliua.

Wageni wengi wa mwanzo hawakuifuata Unguja yenyewe. Walikuwa abiria wa meli zilizotia nanga kwa muda mfupi, zikashusha na kupakia mizigo, kisha zikashika njia. Kazi ya wenyeji ikawa kuwapa la kufanya katika muda huo. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilifungua reli ndogo ya Bububu, yenye urefu wa takriban kilomita 11. Iliwabeba wenyeji na mizigo yao, lakini meli ilipokuwa bandarini iliwatembeza pia abiria wake mashambani. Safari za abiria zilikoma mwaka 1922, ila mazoea yalikwisha kuota mizizi. Mwaka 1925 likafunguliwa jumba la makumbusho la Beit el Amani; serikali nayo ikachapa kitabu cha kuwaongoza wageni. Mwaka 1948 Zanzibar, Kenya, Uganda na Tanganyika zikawa na chama kimoja cha kutangaza utalii, makao yake Nairobi.

Bara je? Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikapita Usinge na kuingia Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Historia ilikuwapo tele. Mfano ni David Livingstone. Mapema mwaka 1866 alikaa Unguja majuma machache, na nyumba aliyofikia ikaja kuwa ofisi ya Shirika la Utalii la Zanzibar. Kwihara, karibu na mji wa Tabora, alikaa kuanzia Februari hadi Agosti 1872, lakini wageni wanaolifikia tembe lake ni wachache.

Basi Unguja haikuishinda Tabora kwa historia. Iliishinda kwa kumpangia mgeni saa zake.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, Kwihara ikiwamo, katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia. Orodha peke yake haimshushi abiria kwenye treni. Halmashauri za Urambo na Kaliua zianze na kijitabu cha stesheni: Urambo ielezwe habari za Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, Usinge ielezwe habari za wapagazi, pamoja na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Vijana wafunzwe kuongoza wageni, na simulizi za wazee ziandikwe sasa, wenyewe wangali hai.

Wiki ijayo: Mirambo na ushuru wa njia.