Kutoka Tani hadi Mikrogramu: Ubadilishaji wa Vipimo vya Tungamo

Utangulizi

Makongeni ni mtaa wa Mashariki mwa jiji la Nairobi uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Kimofolojia, jina hili linatokana na nomino ‘makonge’ pamoja na kiambishi cha mahali ‘-ni’. Katika mazingira kama haya, lugha ya vipimo ilikuwa ya namna nyingi: mfanyakazi wa reli alihesabu shehena kwa tani, mchuuzi wa nafaka alipima mahindi kwa gorogoro, naye muuguzi alitoa dawa kwa miligramu. Makala haya yanaeleza jinsi vipimo hivi vinavyohusiana, na kwa nini kuvichanganya kunaweza kuhatarisha maisha.

Uzito, tungamo na ujazo

Katika mazungumzo ya kawaida, neno ‘uzito’ hubeba maana mbili. Wanafizikia hutofautisha tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na uzito, ambao ni nguvu ya mvutano inayokielemea kitu hicho. Kilo na gramu ni vipimo vya tungamo. Gorogoro, kwa upande mwingine, ni kipimo cha ujazo. Kopo hilo huchukua takriban kilo mbili za mahindi, lakini kiasi hicho hubadilika kulingana na ukubwa wa punje na unyevu wake.

Aidha, vipimo vya zamani havikufuata makumi. Wakia 16 zilifanya ratili moja, ambayo ni gramu 454 hivi, na ratili 35 hivi zilifanya frasila moja, yaani takriban kilo 16.

Ngazi ya sufuri tatu

Mfumo wa metriki ni mwepesi kwa kuwa kila daraja hutofautiana na jingine kwa 1,000. Tani moja ni kilo 1,000. Kilo moja ni gramu 1,000. Gramu moja ni miligramu 1,000. Na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Anayeshuka ngazi huzidisha, anayepanda hugawanya. Kutoka tani hadi mikrogramu kuna hatua nne, kila moja ikiwa na sufuri tatu. Hivyo, tani moja ni sawa na mikrogramu trilioni moja.

Mfano wa mahindi

Mwaka 2004, watu katika maeneo ya Makueni na Kitui walikula mahindi yaliyokuwa na aflatoksini, sumu ya kuvu ambayo pia huitwa sumukuvu. Visa 317 viliripotiwa, na watu 125 wakafariki.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla ya aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi. Gunia la kilo 90 basi halipaswi kuwa na zaidi ya mikrogramu 900, yaani miligramu 0.9. Katika tani moja, kikomo ni miligramu 10. Lori la tani 28 litafikia kikomo hicho kwa miligramu 280, sawa na gramu 0.28. Ni dhahiri kwamba shehena nzima ya lori inaweza kukataliwa kwa sababu ya sumu isiyofika hata theluthi moja ya gramu. Jicho la mnunuzi haliwezi kuiona, wala gorogoro haliwezi kuipima. Ndiyo maana mahindi hukaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, ili kuvu isipate nafasi ya kukua.

Herufi moja, tofauti kubwa

Kwa mwanaisimu, hatari kubwa imo katika maandishi. Istilahi ‘miligramu’ na ‘mikrogramu’ zinafanana kimatamshi, ilhali ya kwanza ni kubwa mara 1,000 kuliko ya pili. Mtafsiri akiandika miligramu 10 badala ya mikrogramu 10 katika kanuni ya mahindi, atakuwa ameruhusu sumu mara elfu moja. Kosa hilohilo katika maelezo ya dawa humpa mgonjwa dozi mara elfu moja.

Tahajia ya alama nayo ina uzito wake. ‘mg’ ni miligramu, lakini ‘Mg’ ni megagramu, ambayo ndiyo tani moja. Herufi kubwa mahali pa ndogo hukuza kiasi mara bilioni moja.

Hitimisho

Kanuni ya kubadilisha vipimo hivi haihitaji hisabati ngumu. Inahitaji kuhesabu hatua na kutaja kila kipimo kwa jina lake kamili. Inafaa wafasiri na wahariri wa Kiswahili waandike ‘mikrogramu’ kwa kirefu katika maandishi ya afya na chakula, na wairudie hesabu kabla ya kuchapisha. Msomaji wa maandishi hayo huenda asiwe na mizani, bali neno alilopewa tu.