Uchafu sugu kwenye rangi ya gari

Uchafu sugu kwenye rangi ya gari ni uchafu ulioganda au kujichimbia kwenye sehemu za gari zilizopakwa rangi, kiasi kwamba hautoki kwa maji na sabuni pekee. Mifano yake ni matone ya lami, utomvu wa miti, kinyesi cha ndege, mabaki ya wadudu, chembe za chuma kutoka kwenye breki na madoa ya madini yanayoachwa na maji. Ili kuuondoa ni lazima kwanza kujua ni wa aina gani, kwa kuwa kinachoyeyusha lami hakigusi chokaa, na kinachoyeyusha chokaa hakigusi lami.

Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi ni kusugua kwa nguvu. Uchafu hutoka kweli, ila hutoka pamoja na sehemu ya rangi.

Tabaka za rangi

Rangi ya gari la kisasa si kitu kimoja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka linaloangaza lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Tabaka zote kwa pamoja kwa kawaida zina unene wa takriban mikromita 100 hadi 150, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Klia peke yake mara nyingi ni mikromita 40 hadi 50 tu, nyembamba kuliko unywele wa binadamu.

Klia ndiyo inayobeba viungo vya kuzuia mionzi ya urujuanimno ya jua. Ikipungua sana, rangi iliyo chini hupauka, na baadaye klia yenyewe hubabuka vipande vipande. Mabaka meupe yanayoonekana juu ya paa na boneti za magari ya zamani ni matokeo ya hali hiyo. Hakuna dawa wala nta inayorudisha klia iliyokwisha; kinachobaki ni kupiga rangi upya.

Jambo hili lina uzito kwa wenye magari wa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari mengi huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Gari la namna hiyo huenda limeshapigwa polishi mara kadhaa kabla ya kuuzwa ili lipendeze, na mnunuzi hana habari. Kipo kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi kinachowekwa juu ya bati, na fundi rangi makini hukitumia kabla ya kugusa mashine ya polishi.

Aina za uchafu

Lami hurushwa na magurudumu, hasa barabara inapokuwa mpya au jua linapokuwa kali, na hukaa kama vidoti vyeusi nyuma ya magurudumu na chini ya milango. Ni mchanganyiko wa hidrokaboni nzito, hivyo maji hayaiwezi, bali huyeyuka katika viyeyushi vinavyotokana na petroli.

Utomvu wa miti huwapata wanaotafuta kivuli. Gari likiegeshwa chini ya mwembe siku nzima hupata matone yanayonata, ambayo yakikauka huwa magumu kama gundi. Spiriti huyalainisha.

Kinyesi cha ndege ni hatari kuliko kinavyoonekana. Sehemu yake nyeupe ina asidi ya uriki. Isitoshe, jua likiwaka klia hupata joto na kulainika, na jioni hupoa na kusinyaa huku ikikumbatia kinyesi kilichokauka. Ndiyo maana baada ya kukiondoa huonekana alama yenye umbo la doa lile lile, kama mhuri. Siku moja ya jua kali yaweza kutosha kuiacha alama hiyo.

Chembe za chuma hutoka kwenye diski na pedi za breki, na pia kwenye reli. Zikiwa za moto hujichomeka kwenye rangi, kisha hushika kutu. Kwenye gari jeupe huonekana kama vitone vya rangi ya chungwa, na wengi hudhani bati limeanza kuoza. Kwenye gari jeusi hazionekani kabisa, ila mkono huzihisi.

Madoa ya maji hutokea maji yenye kalisi na magnesi yanapokauka juu ya rangi. Maji ya kisima chenye chumvi, kama yale ya visima vingi vya pwani, huacha duara nyeupe hata kama gari limeoshwa vizuri, endapo halikufutwa. Duara hizo zikiachwa juani kwa muda mrefu hula klia.

Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami halimo katika kundi hili, kwani hutoka kwa maji. Lakini ndilo linaloharibu rangi nyingi zaidi. Ndani yake mna chenga za mchanga wenye silika, ngumu kuliko klia, na kulifuta kwa kitambaa kikavu ni sawa na kupitisha msasa laini. Mikwaruzo midogo inayoonekana kama utando wa buibui jua linapopiga huanzia hapo.

Kuosha kwanza

Kazi hufanywa kivulini, bati likiwa limepoa. Gari humwagiwa maji mengi ili vumbi liondoke lenyewe, kisha huoshwa kwa shampuu ya magari kuanzia juu kwenda chini, kwa kuwa sehemu za chini ndizo zenye mchanga mwingi. Ndoo mbili hufaa: moja ya maji ya shampuu, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla ya kukirudisha katika ile ya kwanza. Anayetumia ndoo moja humrudishia mwenye gari mchanga wake.

Sabuni ya unga ya kufulia, inayotumika katika sehemu nyingi za kuoshea magari, ina magadi na huondoa nta yote iliyokuwa ikilinda rangi. Haitaharibu gari kwa siku moja, lakini haifai kuwa desturi. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria hazina nafasi kabisa, hata kwa tone moja la lami.

Kuyeyusha kabla ya kusugua

Baada ya kuosha, kila doa hupewa dawa yake na muda wa kulainika. Kinyesi kikavu na wadudu hufunikwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi hivi, kisha huinuliwa taratibu bila kukwangua.

Lami huondolewa kwa dawa maalumu au, kama wafanyavyo wengi, kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa. Mafuta ya taa hufanya kazi, ila huacha utando ambao lazima uoshwe kwa shampuu, na hayafai kuachwa kwenye mipira na plastiki. Petroli isitumike, kwani mvuke wake huwaka upesi mno. Tina nayo ni ya kuepukwa: rangi ya kiwandani huweza kuihimili kwa kitambo, lakini sehemu iliyopigwa rangi upya gereji huenda ikayeyuka papo hapo. Kwa sababu hiyo kiyeyushi chochote hujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya ukingo wa mlango.

Kwa chembe za chuma kuna dawa zenye thioglikolati ya amonia. Inapokutana na chuma hubadilika na kuwa ya zambarau, na hutiririka chini ya bodi kama gari linavuja damu. Harufu yake mbaya itafahamika kwa waliowahi kukaa saluni: kemikali hiyo hiyo hutumika kubadili umbo la nywele. Hutumiwa mahali penye hewa, kwa glavu, na huoshwa kabla haijakauka.

Madoa mapya ya maji hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, kisha kusuuzwa vizuri. Yale yaliyokwisha kula klia hayatoki kwa siki.

Udongo wa kusafishia rangi

Kinachobaki huondolewa kwa udongo wa kusafishia rangi. Licha ya jina, si udongo wa ardhini bali ni donge laini linalofinyangika, lililotengenezwa kwa utomvu bandia uliochanganywa na chenga laini mno za kusugulia. Lilianzia Japani, na Mjapani Tadao Kodate alipata hataza za Marekani kwa kifaa cha aina hii katika miaka ya 1990.

Njia ya kujua kama gari linauhitaji ni kuvaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupitisha vidole juu ya rangi iliyooshwa na kukauka. Mfuko huongeza hisia. Rangi safi huteleza kama kioo, iliyochafuka huwa kama ngozi yenye vipele. (Kwa kuwa mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, karatasi ya plastiki iliyofungia mkate hufaa vilevile.)

Kipande cha ukubwa wa biskuti hubonyezwa kiwe bapa. Sehemu ndogo ya bodi hulowanishwa vizuri kwa kilainishi au maji yenye shampuu, na donge hupitishwa kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Mwanzoni hukwaruza na kutoa sauti. Sauti ikiisha, uchafu umeisha. Donge hukunjwa mara kwa mara ili upande safi uangalie rangi. Likianguka chini hutupwa, hata kama lilikuwa jipya na la bei ghali, kwa sababu mchanga liliouokota hautoki tena.

Udongo huu huondoa kilichojitokeza juu ya klia. Hauondoi mikwaruzo wala alama zilizolika ndani, na ukitumika bila kilainishi huongeza mikwaruzo mipya. Alama za ndani hupunguzwa kwa polishi, ambayo hufanya kazi kwa kuondoa sehemu ndogo ya klia. Mara moja au mbili kwa mwaka zinatosha kwa udongo. Polishi ni kwa mahitaji tu.

Rangi iliyosafishwa hivi haina kinga yoyote, hivyo hupakwa nta siku hiyo hiyo. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mnazi-nta wa Brazili, ni ya tangu zamani. Nta za kutengenezwa viwandani kwa kawaida hudumu zaidi.

Maji machafu

Maji yanayotoka hapa yana mafuta, viyeyushi na vumbi la breki, na hayafai kuelekezwa mtoni wala ziwani. Huko Kisumu, Kenya, magari yameoshwa kwa miaka mingi ndani ya Ziwa Victoria kwenyewe. Madhara yake hayakuwa ya ziwa peke yake: vijana waliosimama majini kutwa nzima wakiosha magari walipata kichocho tena na tena, na wameshiriki katika tafiti za kitabibu kuhusu jinsi mwili unavyojenga kinga dhidi ya ugonjwa huo baada ya kutibiwa mara nyingi.