Moshi wa Pikipiki Iliyolala Muda Mrefu

Juma lililopita tulizungumza juu ya kusafisha bomba la kunyunyizia dawa. Leo tuingie bandani, nyuma ya magunia, ilipo ile pikipiki ya zamani. Imelala miaka minne au mitano, kuku wanatagia kwenye kiti chake, na sasa unaitaka ikupelekee maziwa kituoni. Umepiga kiki mpaka mguu ukauma, ikawaka, na banda zima likajaa moshi. Jirani anasema, "Hiyo imekufa ringi." Fundi naye anataka achonge silinda, ununue na pistoni mpya. Pengine itabidi uuze mbuzi wawili. Ngoja kwanza. Usimfungue mbuzi kabla hujautazama moshi wenyewe.

Isukume nje, kwani moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, na huua mtu ndani ya chumba kilichofungwa.

Halafu ujue pikipiki yako ni ya aina gani. Ziko zinazochoma oili pamoja na petroli, kama Yamaha DT 125 za zamani. Ziko nyingine ambazo oili yake hukaa chini ndani ya injini, kama Honda CG 125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Moshi wa hizi mbili hausomwi namna moja.

Ile inayochoma oili haikosi moshi kidogo hata ikiwa nzima. Ikilala muda mrefu, oili hupenya polepole kutoka kwenye tangi lake ikajikusanya ndani ya injini, na nyingine imo kwenye sailensa tangu zamani. Kama vilichanganywa katika tangi moja, petroli hupaa, oili ikabaki. Kwa hiyo siku ya kwanza itafuka kama tanuri la mkaa, na si ajabu. Mwaga petroli yote ya zamani, safisha kabureta, weka mpya, kisha uiendeshe polepole dakika 20. Moshi ukizidi kupungua, hakuna ugonjwa.

Usipopungua, pima oili ya giaboksi. Ikiwa inashuka siku hadi siku, na chini hakuna hata tone, basi sili ya krenki upande wa klachi imekauka. Injini inanyonya oili ya gia na kuichoma. Sili ni mpira mdogo tu, ingawa kuufikia kuna kazi.

Upande wa magneti kuna sili nyingine, na hii ndiyo inayodanganya watu. Ikikauka, moshi hupungua, na injini hunguruma juu yenyewe hata ukiwa umeachia mafuta. Mwenye pikipiki hufurahi, anadhani imepona! Kumbe inavuta hewa ya ziada. Pistoni inapata joto kali na inaweza kuganda ndani ya silinda. Zima mara moja. Vilevile moshi ukikosekana kabisa, tazama kama oili kwenye tangi lake inapungua. Kama haipungui, pampu haileti.

Sasa tuje kwa Honda. Kabla hujaiwasha, chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Ikinuka petroli na imezidi kipimo, kabureta imevujisha ndani. Usiiwashe, maana oili nyepesi hailindi vyuma. Mwaga, tengeneza kabureta, weka oili mpya.

Moshi wa bluu kwa pikipiki hii ni oili inayoungua pasipotakiwa. Jiulize unatoka lini. Ukitoka kwa wingi asubuhi unapowasha, kisha ukakoma, ni vimpira vya vali vimekakamaa. Oili inachuruzika usiku. Waweza kuendelea na kazi huku ukipima oili kila siku na kutafuta fedha. Ukitoka wakati wote, hasa ukipanda mlima, ni ringi. Lakini ringi za pikipiki iliyolala mara nyingi zimenata tu. Toa plagi, mimina kijiko cha oili ndani ya silinda, uache ilale usiku kucha. Asubuhi funga koki ya petroli, weka waya wa plagi mbali, piga kiki polepole mara kadhaa, ndipo urudishe plagi. Itembeze kilomita 100 hivi kabla ya kukata shauri.

Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa: choki umeisahau, au nyigu wamejenga kwenye njia ya hewa. Ule mweupe mwepesi, usio na harufu, ni mvuke wa maji; sailensa ikipata moto hutoweka.

Zikipita kilomita hizo na moshi wa bluu uko vilevile, mwite fundi afungue. Mweleze rangi ya moshi, saa unapotoka, na oili imepungua kiasi gani, asije akaanza kufungua asipohitaji.

Juma lijalo tutautazama mnyororo na breki za pikipiki hiyohiyo.