Mlonge, Mise na Dagaa: Mifupa ya Kuku wa Nyama Rumonge

Kuku wa nyama hufikisha kilo 2 hivi kwa wiki 5 au 6, mifupa ya miguu ikiwa haijakomaa. Ndipo huanza kuchechemea. Mlonge husifiwa, na kwa haki, kwa kalisi yake. Hata hivyo, kalisi bila fosforasi haijengi mfupa, na sehemu kubwa ya fosforasi ya mahindi na ya mashudu ya mise, yaani viini vya chikichi visivyokosekana Rumonge, imefungwa katika fitati, ambayo kuku huivunja kwa shida pasipo kimeng'enya cha fitasi. Dagaa wa Tanganyika, akisagwa na mifupa yake, hutoa madini yote mawili. Basi sera ya kumwachia binadamu dagaa huyo itangulizwe na fitasi ya bei nafuu. Mlonge peke yake hauzibi pengo hilo.