Ukuta wa madirisha: Kwa nini mchoro huu hauna mtu lakini ni kama unakutazama?

Ukiuona haraka kwenye simu, unaweza kupita tu. Ni ukuta wa nyumba kuukuu uliojaa madirisha, na hakuna mtu hata mmoja.

Lakini mchoro huu wa rangi za mafuta, *Hauswand*, wa mwaka 1914, umehifadhiwa katika makumbusho ya Belvedere jijini Vienna. Aliyeuchora ni Egon Schiele wa Austria. Sasa ukuta mtupu una nini cha kutazama?

Si nyumba, ni hisia

Schiele alikuwa mchoraji wa ekspresionizimu, mtindo ulioshika kasi Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Wachoraji hawa hawakutaka kunakili kitu kilivyo, kwani kamera ilishaiweza kazi hiyo. Walitaka kuonyesha kitu kinavyohisiwa.

Ndiyo maana mistari ya ukuta huu haijanyooka kama ya fundi mwenye pimamaji. Madirisha nayo hayalingani: hili kubwa, lile dogo. Ukuta umetanda karibu turubai yote, hivyo macho hayapati pa kukimbilia.

Mji uliomkataa

Picha nyingi za nyumba alizochora zilitokana na Krumau, mji mdogo alikozaliwa mama yake. Leo unaitwa Český Krumlov, na uko Jamhuri ya Czech.

Mwaka 1911, Schiele alihamia huko na mpenzi wake, Wally Neuzil. Wenyeji hawakufurahishwa. Wawili hao walikuwa hawajaoana, na yeye alikuwa akichora wasichana wakiwa uchi. Maneno yakawa mengi, na baada ya miezi michache tu wakalazimika kuondoka.

Cha ajabu, Schiele hakuusahau mji huo. Aliendelea kurudi na kuuchora: mapaa, kuta, nguo zilizoanikwa, madirisha. Watu ndio walioonekana kwa nadra.

Ukishajua mkasa huo, ukuta unabadilika. Aliyewahi kupita mtaani akasengenywa anajua kwamba dirisha si la kuingiza hewa tu. Aliye ndani anakuona, wewe humuoni. Hiyo ni namna moja ya kuusoma mchoro huu. Wengine huona uzee tu: nyumba iliyochoka kama mwili wa binadamu.

Maisha mafupi

Schiele alifariki dunia Oktoba 31, 1918, kwa homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani. Alikuwa na miaka 28. Mkewe, Edith, aliyekuwa mjamzito, alitangulia siku tatu kabla yake.

Kwa hiyo ukikutana na mchoro huu tena, usihangaike kuhesabu madirisha. Jiulize swali moja tu: ungekuwa umesimama chini ya ukuta huo, ungejisikia uko nyumbani, au ungeharakisha upite?